Edmond Albius: mtoto mtumwa aliyelifungua ua la vanila, harufu ikaingia katika manukato ya wanawake

MUBAMBIRO, Masisi – Kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma kwenda Sake, bidhaa za kila namna hupita Mubambiro: makala ya kupikia, maharage, viazi, jibini ya Masisi. Wachuuzi nao hupita na vichupa vya manukato ya wanawake. Vingine ni vya kweli, vingi ni vya kuiga, lakini maandishi ya kwenye katoni hufanana: waridi, yasmini, vanila.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayobaki. Mafundi wa manukato huzipanga harufu katika noti, kama noti za muziki, si za pesa. Noti za kichwa ndizo za kwanza kufika puani, kama ndimu au machungwa, na baada ya dakika chache zimekwisha. Noti za moyo hufuata, mara nyingi ni maua. Mwisho kabisa zinakuja noti za msingi, ambazo ni nzito, hazirukii hewani upesi, na mama akivua kikwembe usiku atazikuta bado kwenye kitambaa asubuhi. Vanila ni ya kundi hili la mwisho. Chukua karibu manukato yoyote ya kike yenye jina kubwa, utaikuta huko chini.

Isingefika huko kwa wingi kama si mtoto mmoja wa miaka 12, mtumwa asiyejua kusoma wala kuandika, aliyeishi katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi karibu miaka 185 iliyopita. Jina lake lilikuwa Edmond. Jina la pili hakuwa nalo, maana watumwa hawakupewa majina mawili.

Alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, kaskazini mwa kisiwa ambacho wakati ule kiliitwa Bourbon na leo kinaitwa Réunion. Kiko mashariki ya Madagascar, mbali kiasi cha kilomita 700, na ni ardhi ya volkano. Anayeishi Mubambiro, anayekanyaga kila siku mawe meusi ya Nyamulagira, hangeshangaa sana akifika kule: mlima wao wa moto, Piton de la Fournaise, unatapika mara kwa mara, na lava yake hushuka mpaka baharini kama lava ya Nyamulagira ilivyoshuka mpaka ziwani Kivu karibu na Sake kati ya 1938 na 1940.

Wafaransa walikijaza kisiwa hicho kahawa, kisha miwa, na kwa kazi hiyo walileta watumwa. Watu hao walitoka Madagascar, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Kilwa ilikuwa mlango wa njia ndefu zilizoingia ndani ya bara. Watoto kama Edmond walizaliwa katika ukoo wa watu waliokuja kwa meli za namna hiyo.

Mama yake, Mélise, alifariki wakati wa kumzaa. Baba yake aliitwa Pamphile, naye pia alikuwa mtumwa. Mtoto akapelekwa kwa Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba mahali paitwapo Bellevue, hapo hapo Sainte-Suzanne. Bellier-Beaumont alipenda mimea kuliko pesa, kama wapo watu wa namna hiyo. Alikuwa na bustani ya miti ya nchi za mbali, na kila asubuhi aliizunguka. Mtoto alimfuata nyuma. Kwa kumfuata huko akajifunza majina ya mimea, hata yale magumu ya wataalamu, na namna kila mmea unavyozaa.

Wengi wanaosimulia habari hii humsifu Bellier-Beaumont kama baba mlezi. Sifa hiyo inahitaji kupunguzwa. Alimpenda mtoto, hilo linaonekana katika barua alizoandika baadaye. Lakini hakumpeleka masomo. Alimfundisha bustani kwa sababu bustani ndiyo aliyotaka aifanye, na kwa sheria ya siku zile mtoto huyo aliandikwa kati ya mali zake pamoja na nyumba na ng'ombe.

Katika lupango hilo palikuwa na mmea mmoja wa vanila, uliotambaa juu ya mti mwingine. Vanila asili yake ni Mexico, ambako watu wa kabila la Totonac waliijua kabla ya Wahispania kufika. Ni mmea wa jamii ya okidi. Wafaransa waliileta Bourbon kati ya 1819 na 1822 wakitumaini utajiri. Ilikua vizuri, ikatoa majani, ikatoa hata maua. Matunda hakuna. Mmea wa Bellier-Beaumont ulikuwa na miaka karibu 20 bila kumzalia kitu.

Sababu ilikuwa ndani ya ua lenyewe. Ua la vanila lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike pamoja, lakini kati yake pana kizuizi chembamba, kama ulimi mdogo, kinachozuia chavua isiguse upande wa kike. Kule Mexico wako nyuki wa kienyeji walioizoea kazi hiyo. Bourbon nyuki hao hawakuwepo. Tena ua hilo hufunguka asubuhi moja tu, na likifika mchana bila kuguswa linanyauka na kuanguka.

Msomaji wa Congo atapenda kujua kwamba Mbelgiji ndiye aliyetangulia kulitegua fumbo hilo. Mwaka 1836, katika bustani ya muji wa Liège, mtaalamu Charles Morren alifaulu kuzalisha vanila kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo. Lakini njia yake ilibaki kwa wataalamu. Kwa mkulima aliye na maua maelfu shambani, haikuleta faida.

Siku moja ya mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akitembea bustanini na Edmond, akaona maganda mawili yananing'inia kwenye ule mmea wake tasa. Alishtuka. Mtoto akamwambia kwamba ni yeye aliyeyafanya. Bwana hakuamini. Alidhani mtoto anajisifu tu, au pengine upepo ulisaidia. Baada ya siku chache akaona ganda lingine. Hapo ndipo alipomwomba Edmond amwonyeshe.

Alichokifanya Edmond kinachukua sekunde chache. Unalishika ua kwa mkono mmoja, unalipasua kidogo upande mmoja ili ndani yake paonekane. Kwa kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno unakiinua kile kiulimi kinachozuia. Kisha kwa kidole gumba unaibonyeza chavua mpaka ishikamane na upande wa kike. Basi. Ua lililofanyiwa hivyo halianguki kesho yake. Hukaa, na nyuma yake ganda linaanza kurefuka.

Wazo hakulipata kwa bahati. Bellier-Beaumont alikuwa amemfundisha kuoanisha ua dume na ua jike la mmea fulani wa jamii ya maboga, ambao maua yake yametengana. Edmond alichukua somo la boga, akalipeleka kwenye ua ambalo wataalamu walikuwa wameshalikatia tamaa. Alikaa nalo, akalichungulia, akatafuta dume liko wapi na jike liko wapi. Kwa lugha ya leo tungesema alifanya utafiti.

Habari zikaenea. Wenye mashamba waliandika barua kumwomba Bellier-Beaumont awaazime mtoto wake, naye akawa anapelekwa huku na huko, shamba kwa shamba, akiwafundisha watumwa wenzake. Mpaka leo watu wa Réunion wanaiita njia hiyo tendo la Edmond.

Hesabu zilizofuata zinajieleza zenyewe. Mwaka 1848 kisiwa kilipeleka Ufaransa kilo 50 za vanila. Mwaka 1858 zilikuwa tani 2. Mwaka 1867 zilikuwa tani 20, na mwaka 1898 tani 200. Réunion ikaipita Mexico, ikawa ya kwanza duniani. Jina la zamani la kisiwa likabaki kwenye bidhaa: vanila Bourbon, alama ya ubora mpaka leo. Kutoka hapo mbegu na ile njia ya mkono zikavuka kwenda Shelisheli, Komoro na Madagascar.

Edmond hakulipwa kitu. Hakuna aliyevunja sheria kwa kutomlipa, kwa sababu kazi ya mtumwa ilikuwa mali ya bwana wake, hata kazi ya akili.

Utumwa ulifutwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848. Tarehe 20 Desemba mwaka huo, Sarda Garriga, mjumbe aliyetumwa na Paris, alitangaza uhuru huko Réunion, na watu zaidi ya 60,000 wakawa raia. Kila mmoja alipaswa kuandikishwa kwa jina la ukoo. Waandishi wa serikali waliyabuni majina hayo haraka haraka, mengine ya heshima, mengine ya dhihaka. Edmond akaandikwa Albius, jina linalofanana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Kama aliyelichagua alikuwa akifikiria ua la vanila, au alikuwa akimcheka kijana mweusi, jina halisemi.

Sheria ya mwaka 1849 ikatoa fidia. Ilikwenda kwa waliokuwa na watumwa: kwa Réunion ilikuwa zaidi ya faranga 700 kwa kila kichwa. Waliokuwa watumwa walipewa majina.

Edmond, aliyekuwa na miaka 19, aliondoka shambani akaenda Saint-Denis, muji mkuu wa kisiwa, kutafuta maisha. Ndivyo walivyofanya vijana wengi, na ndivyo wanavyofanya mpaka leo vijana wa vijijini wakikimbilia Goma. Fundi wa vanila aliyefundisha kisiwa kizima akapata kazi ya boyi wa jikoni. Huko akaingizwa katika kesi ya wizi wa vito. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka kadhaa pamoja na kazi za nguvu.

Katika jambo hili wapo waliomtetea. Bellier-Beaumont hakumtupa. Pia Mézières Lépervanche, hakimu wa amani wa Sainte-Suzanne, alimwandikia gavana akimkumbusha kwamba mfungwa huyo ndiye chanzo cha tajiri zote za vanila, na kwamba nchi inayomfunga ndiyo inayomdai. Edmond akatolewa kabla ya muda wake kwisha. Msamaha ulikuwa wa kweli, ila haukuja na senti wala kipande cha shamba. Alirudi Sainte-Suzanne, karibu na pale alipolelewa, akaishi kwa kazi za mikono.

Halafu wakataka kumnyang'anya hata lile tendo lenyewe. Jean Michel Claude Richard, mtaalamu aliyeongoza bustani ya serikali huko Saint-Denis, alidai kwamba yeye ndiye aliyeileta njia ya kuzalisha vanila kwa mkono. Alisema aliionyesha mbele ya watu mwaka 1838, na kwamba mtoto Edmond lazima alichungulia akaiba.

Richard alikuwa mtu mwenye cheo, amesoma, na anaandika. Edmond hakuweza kujibu kwa kalamu. Aliyejibu ni bwana wake wa zamani, ambaye pia alikuwa rafiki wa Richard wa miaka mingi. Bellier-Beaumont alimwandikia mwanahistoria wa kisiwa, Volsy Focard, na hoja yake ilikuwa rahisi hata mtoto angeielewa. Kama Richard alifundisha mwaka 1838, mbona miaka mitatu ikapita bila hata ganda moja kuonekana katika mashamba? Na kwa nini matajiri wale wale, waliokuwa na magari ya farasi na marafiki katika bustani ya serikali, walituma watu kumtafuta mtoto mtumwa ili awafundishe?

Hapo deni la Bellier-Beaumont kwa mtoto huyu lilipungua kidogo. Angeweza kunyamaza, au angejichukulia sifa yeye mwenyewe, na hakuna ambaye angemwuliza. Shamba lilikuwa lake, na mtoto pia. Mambo ya namna hiyo yalitendeka kila siku katika makoloni, hata huku kwetu, ambako mito, milima na wadudu viliandikwa kwa majina ya Wazungu walioonyeshwa na wenyeji. Kwa sababu ya barua zake, jina la Edmond likabaki. Miaka ya 1860 mchoraji Antoine Roussin alitoa picha yake katika kitabu chake cha picha za kisiwa: mwanaume aliyesimama wima, mmea wa vanila mkononi.

Alioa, na mkewe akamtangulia kufa. Waliokuwa wakimwonea huruma walijaribu kumwombea posho kwa serikali ya koloni. Ombi halikujibiwa. Tarehe 9 Agosti 1880 Edmond Albius alifariki katika hospitali ya Sainte-Suzanne, akiwa na miaka 51. Gazeti la kisiwa, Le Moniteur, lilitoa habari yake siku chache baadaye. Lilieleza kwamba mtu aliyekitajirisha kisiwa kizima kwa ugunduzi wake amekufa katika umaskini.

Wakati anakufa, Ulaya ilikuwa imekwisha kuanza kuitafuta harufu hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1858 Mfaransa Nicolas-Théodore Gobley alifaulu kuitenga vanilini, yaani ile chembe inayoleta sehemu kubwa ya harufu ya vanila. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliitengeneza kutokana na utomvu wa miti ya misonobari, wakafungua kiwanda. Edmond alikuwa bado hai, kibarua wa Sainte-Suzanne. Wale wawili walikuwa na haki zao zimeandikwa kwa sheria, kwa hiyo walijua njia ya kulipwa.

Bila ganda la kweli, hata hivyo, hakuna ambaye angejua nini cha kuiga. Mashamba ya Réunion ndiyo yaliyowazoesha Wazungu wengi harufu ile katika keki, katika chokoleti na katika aiskrimu. Pua zilipoizoea, mafundi wa manukato wakaiingiza kwenye chupa.

Mwaka 1889, miaka tisa baada ya kifo cha Edmond, Aimé Guerlain wa Paris alitoa manukato aliyoyaita Jicky. Yalichanganya lavanda juu na vanila chini, tena alitumia vanilini ya kiwandani pamoja na vitu vya asili. Kabla ya hapo manukato mengi yaliigiza ua moja au shada la maua, na aliyejipaka waridi alinukia waridi. Jicky haikufanana na ua lolote, na wanahistoria wa fani hiyo huihesabu kati ya manukato ya kwanza ya kisasa.

Jacques Guerlain, wa ukoo huo huo, akafuata na Shalimar, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1925. Juu ina bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Katikati kuna waridi, yasmini na mzizi wa airisi. Chini kabisa kuna vanila nyingi, nzito, yenye moshi kidogo kama ubani. Jina lilitoka kwenye bustani za wafalme wa Kihindi. Kilichowakaa wanawake shingoni usiku kucha lakini ni jamaa wa ile mimea ya Bourbon. Shalimar ingali inauzwa hadi leo, miaka 100 baadaye.

Nyumba za mitindo nazo hazikubaki nyuma. Chanel No. 5, iliyotolewa mwaka 1921 na Coco Chanel pamoja na fundi Ernest Beaux, inajulikana kwa yasmini, waridi na langilangi, ila huko chini vanila imo. Mwaka 1992 mbunifu Thierry Mugler alitoa Angel, iliyochanganya pachuli na harufu za vitu vya kula: sukari ya kuungua, chokoleti, vanila. Ndiyo iliyofungua mlango wa manukato matamu yanayotawala maduka sasa. La Vie Est Belle ya Lancôme, ya mwaka 2012, ina airisi, pachuli na vanila. Black Opium ya Yves Saint Laurent, ya mwaka 2014, ina maua ya machungwa, vanila na kahawa. Mkulima wa kahawa wa kando ya ziwa Kivu hapo atatabasamu: hata zao lake limepandishwa cheo kuwa noti.

Sehemu kubwa sana ya vanila ya kwenye chupa hizo, hasa za bei ndogo, ni vanilini ya kiwandani. Ni nafuu, haina msimu, haiibwi shambani. Lakini vanilini ni chembe moja, wakati ganda lililokaushwa vizuri lina chembe nyingi mno. Ndiyo maana vanila ya asili ina kitu cha tumbaku, cha ngozi, cha matunda makavu, ambacho kiwanda hakijakipata chote. Mafundi wa nyumba kubwa wanaendelea kuinunua, na bei yake inaweza kupanda vibaya: mwaka 2018 kilo moja ya vanila ya Madagascar ilifika karibu dola 600, juu ya bei ya fedha, ile madini. Baadaye bei ikaanguka.

Bei hiyo inatokana na kidole gumba. Mpaka sasa hakuna mashine iliyochukua nafasi ya tendo la Edmond. Kila ua moja lazima liguswe na mtu, asubuhi yake hiyo hiyo moja. Ganda hukaa kwenye mmea karibu miezi tisa, kama mimba. Likivunwa halina harufu. Linachovywa katika maji ya moto, linafungwa katika blanketi litoe jasho, linaanikwa juani na kurudishwa ndani, siku baada ya siku, mpaka linakuwa jeusi, laini, lenye mafuta. Kilo 5 au 6 za maganda mabichi hutoa kilo moja tu iliyo tayari. Huko Madagascar, inakotoka vanila nyingi zaidi duniani, wakulima huyachoma maganda alama kwa sindano yakiwa bado mabichi ili mwizi asiweze kuyauza, na msimu ukikaribia wengine hulala shambani.

Katika jimbo la Kivu Kaskazini, zao hilo linajulikana zaidi upande wa Beni, Butembo na Lubero, ambako linapandwa chini ya kivuli pamoja na kakao au kahawa. Masisi ni nchi ya ng'ombe, maharage na viazi, na miaka hii ni nchi ya watu wanaokimbia na kurudi, kwa hiyo mmea unaohitaji miaka mitatu kabla ya kuzaa si wa kila mtu. Kule Beni nako vita haijawaacha wakulima walime kwa amani. Hata hivyo vanila inatoka, sehemu yake ikipitia Uganda kabla ya kuvuka bahari, na mara nyingi huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi anayekuja na mizani yake. Inarudi ikiwa imefungwa katika kichupa cha mililita 50, chenye jina la muji wa Ulaya.

Réunion imechelewa, ila imemkumbuka mtu wake. Kuna sanamu yake Sainte-Suzanne, na jina lake limepewa barabara na shule. Watoto wa kisiwa wanasoma habari zake darasani.

Maua ya vanila yakianza kufunguka upande wa Beni na Butembo, watu huingia shambani alfajiri kabla jua halijawa kali. Wanabeba mwiba au kijiti kilichochongwa. Wanalishika ua, wanainua kile kiulimi, wanabonyeza kwa kidole gumba, wanakwenda kwenye ua linalofuata. Aliyezoea anaweza kufanya mamia kabla ya saa tano, na yale asiyoyafikia yataanguka mchana.